Akili Mnemba Katika Biashara ya Mahindi: Mwongozo kwa Vikundi vya Wakulima

Kikundi cha wakulima wa mahindi kinachotaka kutumia akili mnemba kianze na daftari na mizani. Kikundi kisichojua kilivuna kilo ngapi, zikiwa na unyevu kiasi gani, kitajibiwa makisio matupu yaliyopambwa kwa lugha nzuri. Kwa kila mzigo, andikeni tarehe ya kuvuna, uzito, unyevu, bei na gharama ya usafiri. Msihesabu magunia, kwa sababu lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, hazilingani uzito, na hapo ndipo mkulima anapopunjwa.

Shambani, programu iliyo karibu zaidi na mkulima wetu ni Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Inatumia Kiswahili, na ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti. Kwa upande wa mahindi, imefunzwa kutambua uharibifu wa viwavijeshi vamizi, ambao walithibitishwa kuingia Tanzania mwaka 2017. Msipige picha ya mmea ulioharibika kuliko yote. Piteni shambani kwa mshazari, mkague mimea ya sehemu mbalimbali, ndipo mjue tatizo limeenea kiasi gani. Programu ikisema kuna uharibifu, fungueni kwa vidole majani machanga ya katikati. Mkikuta kinyesi kibichi kinachofanana na unga wa mbao, kiwavi huenda bado yumo. Matundu makavu yasiyo na kinyesi mara nyingi ni alama za shambulio lililopita, na kununua dawa kwa ajili ya matundu hayo ni hasara. Kabla ya kupulizia, muulizeni afisa ugani.

Baada ya mavuno, kazi kubwa ni unyevu, ambao kwa viwango vya Afrika Mashariki hautakiwi kuzidi asilimia 13.5. Hapa programu za mazungumzo, yaani zile za akili mnemba zinazojibu maswali, husaidia kukokotoa, lakini zijaribuni kwanza kwa swali ambalo jibu lake mnalijua. Ulizeni: kilo 1,000 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi asilimia 13.5, zitabaki kilo ngapi? Jibu sahihi ni takriban kilo 948. Programu ikitoa 955, imepunguza asilimia 4.5 moja kwa moja badala ya kuanzia kwenye uzito wa punje kavu, nayo isiaminiwe kupanga malipo ya wanachama. Kilo saba kwa kila tani si kitu kidogo kwa ghala zima.

Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye punje, ni jambo jingine kabisa. Picha ya simu haiwezi kuthibitisha kwamba mahindi ni salama, kwa kuwa punje inayoonekana safi inaweza kuwa na sumu; kipimo cha maabara au cha vifaa maalumu ndicho kinachokubalika. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Machi 2021, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, kisha ikaruhusu kwa masharti, likiwamo la cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Tukio hilo pia ni kipimo kizuri cha utabiri wa bei. Programu iliyojifunza bei za miaka iliyopita ingeweza kueleza kwamba bei hupanda kadiri msimu unavyosonga, lakini isingejua kwamba mpaka utafungwa. Kwa hiyo, badala ya kuiuliza bei itakuwa shilingi ngapi, iulizeni bei inapaswa kupanda kwa kiasi gani ili kukaa ghalani kwa miezi mitatu kulipe, mkiipa gharama za ghala, mifuko, riba ya mkopo na upotevu. Kisha uzeni kwa mafungu ili mzigo wote usinaswe na bei ya siku moja.

Kabla ya kupakia daftari kwenye programu yoyote, ondoeni majina, namba za simu na namba za vitambulisho, na mpeni kila mkulima namba ya kikundi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Orodha yenye majina na namba hizo ibaki kwa katibu.