Kulinda macho ya mgonjwa baada ya upasuaji wa pua, uso au shingo

Upofu baada ya upasuaji huu hutokea kwa nadra, ila ukianza, dakika ndizo zinazoamua. Mshipa mdogo wa damu ukikatika wakati wa kusafisha sainasi (matundu ya hewa yanayozunguka pua), unaweza kujivuta ndani ya tundu la jicho na kuvujia huko. Presha ndani ya tundu hilo hupanda, retina (utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho) na neva ya jicho hukosa damu. Ikipita saa moja na nusu hivi, mara nyingi jicho halioni tena.

Pima kabla ya upasuaji na uandike kwenye faili kila jicho linaona nini. Mwenye glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho) ya zamani, ambaye huenda alikuwa haoni vizuri tangu mwanzo, atakuchanganya usipofanya hivyo.

Akizinduka, mpime kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kisha kila nusu saa. Ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, ahesabu vidole. Mwonyeshe kizibo chekundu cha soda: wekundu ukififia upande mmoja, neva imeanza kuumia hata kama vidole bado anavihesabu. Hamisha tochi toka jicho hili hadi lile. Mboni inayotanuka inapomulikwa ni hatari. Kope zilizovimba zifunue taratibu. Kusema "ni uvimbe tu" na kumwacha alale ndiko kunakopofusha watu.

Jicho likitokeza, likauma na kukaza, mwite daktari wa zamu papo hapo. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, usifunge bandeji. Daktari atoe gozi za puani, akate kona ya nje ya kope pamoja na kano yake kwa ganzi ya sindano, palepale kitandani. Asisubiri picha ya CT. Manitoli na asetazolamaidi, dawa za kushusha presha ya jicho, husaidia (hii ya pili huepukwa kwa mwenye selimundu), lakini zisicheleweshe mkasi.

Shingo iliyopasuliwa pande zote mbili ina ujanja wake: presha ya damu ikishuka na damu ikipungua mwilini, neva hufa bila jicho kuuma wala kuvimba. Hapo kinga ni kumuuliza mgonjwa kama anaona vizuri, na kufuatilia presha ya damu na hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu).

Aliyepasuliwa sainasi asipenge kamasi mpaka daktari amruhusu. Hewa huweza kupenya kwenye tundu la jicho. Akipiga chafya, afungue mdomo. Uoni ukififia akiwa nyumbani Mbagala au Kigamboni, msipitie duka la dawa kutafuta matone wala kungoja kukuche. Pigeni simu wodini mkiwa njiani, daktari awe tayari mkifika, maana foleni ya Dar imeshakula sehemu ya muda wenu.