Kutambua Dume na Jike wa Sikilidi na Kuwazalisha Katika Tangi la Nyumbani

Sikilidi ni jamii ya samaki ambayo perege na sato nao wamo, na wale wanaofugwa kwa mapambo katika matangi ya vioo wengi wana asili ya Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika, au maji ya Amerika ya Kati na Kusini. Kwa mfugaji wa Mtwara au Lindi, walio jirani zaidi ni wale wa Ziwa Nyasa, hasa kundi linaloishi kwenye miamba ambalo wafugaji duniani kote huliita mbuna, na maelezo haya yanawahusu hao zaidi. Tatizo la kwanza huanzia dukani. Muuzaji humwonyesha mteja samaki wawili, mmoja mwenye rangi kali na mwingine aliyefifia, akamwambia kwamba hiyo ni jozi, kumbe mara nyingi hao ni madume wawili na yule aliyefifia ni mnyonge wa mwenzake tu.

Rangi ya dume wa mbuna hufuata cheo chake ndani ya tangi kuliko kitu kingine chochote. Dume anayetawala mwamba wake hung'aa, lakini dume aliyeshindwa huficha rangi na kujifananisha na jike ili asipigwe, na anaweza kukaa hivyo miezi mingi hadi yule mbabe atakapoondolewa, ndipo abadilike kwa muda mfupi mbele ya macho yako. Vilevile vifaranga wa aina nyingi huvaa rangi ya majike hadi wanapokaribia kukomaa, na kuna wafanyabiashara wanaowapa samaki homoni ili hata majike wapendeze. Kwa hiyo rangi ni dalili ya kuanzia tu.

Zipo aina ambazo dalili hiyo inatosha iwapo samaki wamekwisha kukomaa. Maylandia lombardoi huwachanganya wageni kwa sababu jike ndiye wa buluu mwenye mistari na dume ndiye wa manjano. Chindongo saulosi ni kinyume chake, kwani jike ni wa manjano na dume ni wa buluu mwenye mistari myeusi ya kusimama. Melanochromis auratus huzaliwa wa manjano mwenye mistari myeusi ya kulala, jike hubaki hivyo, naye dume hugeuka kuwa mweusi au kahawia iliyokolea. Kwa Aulonocara, sikilidi wengine wa Ziwa Nyasa wasio wa kundi la mbuna, dume hujaa buluu, wekundu au manjano, ilhali jike hubaki wa kijivu. Anayesumbua ni Labidochromis caeruleus, yule wa manjano anayependwa kuliko wote, kwa sababu dume na jike wote ni wa manjano. Kwa huyu, tazama mapezi ya tumboni na lile la nyuma ya tumbo: kwa dume aliyekomaa weusi wake hukolea, na mwili wake huwa mkubwa na mpana kidogo. Hata hivyo nimewaona majike wazee wenye mapezi meusi kiasi cha kumdanganya mtu mwenye uzoefu.

Wengi hutegemea pia madoa ya manjano au ya machungwa yaliyo kwenye pezi la nyuma ya tumbo, ambayo hufanana na mayai. Madume wengi huwa nayo kwa wingi, yakiwa na mduara ulio wazi, lakini majike wa aina kadhaa nao huwa nayo, hivyo kuyahesabu hakukupi hukumu.

Njia inayoaminika zaidi ni kuangalia matundu yaliyo chini ya tumbo, na hufaa kwa samaki aliyefikia sentimita sita au saba. Lowesha mikono yako kwanza ili usimwondoe ute unaomkinga, mnase kwa wavu laini, kisha mgeuze tumbo juu ndani ya kiganja huku kichwa chake kikiwa kimefunikwa na kitambaa chepesi kilicholowa, jambo linalomtuliza. Utaona matundu mawili yaliyofuatana: la mbele, lililo upande wa kichwa, ni la haja kubwa, na la nyuma, lililo karibu na pezi, ni la uzazi. Kwa dume matundu haya hulingana au la nyuma huwa dogo zaidi, wakati kwa jike tundu la nyuma ni pana kuliko la mbele, na akiwa amekaribia kutaga hutokeza kidogo. Kazi hii isizidi nusu dakika. Kosa la kawaida ni kumkagua samaki mmoja peke yake. Kagua kadhaa wa aina moja na ukubwa mmoja kwa mfululizo, kwani tofauti huonekana kwa kulinganisha. Wafugaji wa perege wa mabwawani hupaka sehemu hiyo tone la rangi ili mipaka ya matundu ijitokeze, na ile dawa ya zambarau inayouzwa madukani kwa jina la GV hutosha kwa kazi hiyo.

Kwa maoni yangu, asiyetaka kusumbuka na hayo yote anunue vifaranga sita hadi wanane wa aina moja, awakuze pamoja, na kuwaacha wajionyeshe wenyewe. Mbuna hukomaa wakiwa na umri wa miezi sita hadi minane hivi. Dume wa kwanza akishajitokeza, punguza madume wengine hadi ubaki na dume mmoja kwa majike watatu au wanne. Kumpa dume jike mmoja ni kumhukumu jike huyo kifo, kwa sababu dume wa mbuna humfukuza jike bila kupumzika, na adha hiyo inapogawanywa kwa wengi hakuna anayeumia sana. Tangi liwe na urefu wa mita moja au zaidi na lita zisizopungua 200, na mawe yapangwe kwa namna ya kuacha mapango mengi yenye milango miwili, ili anayefukuzwa asikwamie ndani.

Kuhusu maji, pwani yetu ina neema yake. Ziwa Nyasa lina maji yenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) kati ya 7.7 na 8.6 na joto la nyuzi 24 hadi 28, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka kifaa cha kupasha maji moto hakihitajiki Mtwara wala Lindi. Adui ni joto la ziada la kuanzia Novemba, maana maji yakipita nyuzi 30 hewa ndani yake hupungua. Tangi lisiwekwe penye jua la dirishani, na ni vyema kuwa na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Kwa walio Newala na Tandahimba, ambako wengi hutegemea maji ya mvua yaliyovunwa kutoka bati, maji hayo ni laini mno, yaani yana madini machache mno, kwa samaki hawa. Weka ndani ya chujio au kwenye sakafu ya tangi vipande vya mawe ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi, na pH itapanda taratibu. Yaoshwe na kuchemshwa kwanza, na asiwepo mtu wa kwenda kuvunja matumbawe hai baharini, hasa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwa siku moja au mbili kabla ya kuyatumia, na badilisha robo ya maji ya tangi kila wiki.

Chakula kisiwe kizito. Mbuna wengi hula mwani unaoota juu ya miamba, na wakilishwa nyama kwa wingi wanaweza kuvimba tumbo na kufa. Mchicha uliochovywa katika maji ya moto, chakula cha vidonge chenye spirulina (aina ya mwani uliokaushwa), na unga kidogo wa dagaa mara moja moja vinatosha kuwaandaa majike kwa kutaga.

Siku ya kutaga huonekana mapema. Dume husafisha jiwe bapa au huchimba kibonde mchangani, hutetemeka ubavuni mwa jike na kumwongoza hadi hapo. Huzunguka pamoja, kichwa cha huyu kikielekea mkiani mwa yule; jike hutaga mayai machache, hugeuka na kuyazoa kwa mdomo papo hapo, kisha huyadonoa yale madoa ya pezini mwa dume kana kwamba nayo ni mayai, na dume anapomwaga mbegu zake jike huzivuta mdomoni, na mayai hurutubishwa humo.

Kuanzia hapo jike hali au hula kidogo mno. Kidevu chake hutuna, mdomo haufungi vizuri, na hufanya mwendo wa kutafuna anapoyageuza mayai. Ataatamia kwa takriban wiki tatu, muda ukipungua kidogo maji yakiwa na joto zaidi. Jike mchanga mara nyingi huyameza mayai ya kwanza, na hilo lisikukatishe tamaa. Ukitaka kuwaokoa vifaranga, mhamishe baada ya wiki mbili, usiku taa zikiwa zimezimwa, kwenda kwenye tangi dogo lenye maji yaleyale na kijiwe cha kujificha, kwani akishtuliwa mapema hutema kila kitu. Atatema vifaranga kumi hadi hamsini hivi, kila mmoja akiwa na urefu wa karibu sentimita moja na tayari kula chakula kilichosagwa laini. Mpe jike siku kadhaa za kula vizuri peke yake kabla ya kumrudisha, maana akirudi amekonda atashambuliwa.

Wenye sikilidi wa Amerika ya Kati aina ya Amatitlania nigrofasciata wana kazi nyepesi zaidi: jike ni mdogo na ana rangi ya machungwa tumboni, dume ana mapezi marefu. Kipande cha chungu kilichovunjika, kikilazwa ubavu, huwatosha kutagia, na wazazi wote wawili huwalinda watoto.

Aina mbili za mbuna zenye majike wanaofanana zisichanganywe, wala Aulonocara wa namna tofauti, kwa sababu wataingiliana na hutajua tena ulichonacho. Kwa sababu hiyohiyo, vifaranga wa ziada wasimwagwe mtoni wala ziwani. Katika Ziwa Rutamba mkoani Lindi perege wa asili wamekwisha kukutwa wakichanganyika kizazi na perege waliopandikizwa. Wape wafugaji wengine au wauze, na ukiwauza, waambie wanunuzi umri wa samaki na kwamba jinsia yao bado haijajulikana. Madume wa Aulonocara waliobaki watengewe tangi lao wenyewe, ambamo wasipomwona jike yeyote hugombana kwa kiasi kidogo na wengi wao huonyesha rangi zao.