Kuichukua Cessna 172 karakanani Wilson baada ya ukaguzi wa mwaka

Ndege iliyotoka kwenye ukaguzi wa mwaka ni ndege iliyofumuliwa. Viti vimetolewa, vifuniko vya chini ya mabawa vimefunguliwa skrubu baada ya skrubu, plagi zimetoka na kurudi, nyaya za usukani zimeguswa. Mafundi wazuri hurudisha kila kitu mahali pake, lakini hakuna siku katika mwaka mzima ambapo uwezekano wa kitu kusahaulika ni mkubwa kama siku hiyo. Kwa hiyo usiende Wilson, uwanja wa ndege ndogo Nairobi, saa kumi jioni ukiwa na abiria wa Malindi wanaokusubiri. Nenda saa mbili asubuhi, peke yako, na utenge nusu siku. Asubuhi ina faida nyingine pia: uwanja uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, na joto likifika nyuzi 25 ndege huruka kana kwamba iko karibu futi 8,000. Hapo injini isiyo na turbo imeshapoteza takriban robo ya nguvu zake.

Anza na vitabu kabla ya kuigusa ndege. Cheti cha kuirudisha kazini kiwe na sahihi, namba ya leseni ya fundi, tarehe na saa za ndege, na saa hizo zilingane na mita iliyo ndani. Cheti cha ubora wa kuruka kutoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kiwe bado hai. Tazama vipimo vya mgandamizo wa silinda, ambavyo huandikwa kama sehemu ya 80, mfano 76/80: injini yenye 76, 75, 77 na 74 ina afya. Tofauti ya zaidi ya 10 kati ya silinda inataka maelezo, na silinda iliyokaribia 60 inataka mazungumzo marefu. Hakikisha ukaguzi wa reli za viti umeandikwa. Kwenye Cessna, tundu la reli lililolika huacha kiti kiteleze nyuma wakati wa kupaa, na rubani huvuta usukani bila kutaka. Kama redio au kifaa kingine kimebadilishwa, dai karatasi mpya ya uzito na mizani.

Kisha muulize fundi mkuu maswali mawili: mmefungua nini, na nani alikagua mara ya pili? Kazi iliyogusa usukani lazima ikaguliwe na mtu mwingine, si yule aliyeifanya. Andika majibu. Hayo ndiyo yatakayokuongoza unapoizunguka ndege.

Usukani ndio wa kwanza. Usiridhike kwamba unasogea bila kukwama, maana nyaya zilizounganishwa kinyume nazo husogea vizuri kabisa. Shika yoki, yaani usukani wa mkononi, kwa mikono miwili, dole gumba juu, uizungushe kushoto: dole gumba litaelekea bawa ambalo aileroni yake, kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa, lazima iinuke. Vuta yoki, eleveta, kibao cha mlalo cha mkiani, ipande. Kanyaga pedali ya kulia, usukani wa mkia uende kulia. Zungusha gurudumu la trimu, linalopunguza uzito wa yoki mkononi, kuelekea pua chini, kisha shuka ukatazame nyuma: kibao kidogo cha kwenye eleveta kiwe kimeinuka. Trimu hii ndiyo watu wengi huiruka, kwa sababu haionekani kutoka kwenye kiti.

Chini ya mabawa, pitisha kidole kwenye kila kifuniko utafute skrubu iliyokosekana au isiyokazwa. Fungua boneti, umulike kwa tochi: kitambaa kilichosahaulika, bisibisi, waya wa plagi usiobana, filta ya oili isiyofungwa kwa waya wa usalama. Toa vizuizi vya bomba la pito, linalopima mwendokasi wa ndege. Ikiwa breki zimeguswa, zikanyage ukiwa bado umesimama. Pedali ikizama kama sponji kuna hewa ndani, na ndege haitoki hapo.

Kwenye mfano wa 172S chukua sampuli za petroli katika matundu yote 13, matano kila bawa na matatu tumboni. Rangi iwe buluu nyepesi. Wilson imejaa Caravan, ndege kubwa kidogo za Cessna zinazotumia mafuta ya jeti, na ndege yako imekaa siku nyingi mikononi mwa watu wengine. Swichi ya matangi iwe kwenye yote mawili, na kitufe cha kufunga mafuta kisukumwe hadi mwisho. Fyuzi zote ziwe ndani, redio ya dharura, inayojiwasha ndege ikianguka, iwe imetegwa. Baadaye sikiliza masafa ya dharura ya 121.5 kuhakikisha hailii.

Washa injini mahali safi, pasipo kokoto. Shinikizo la oili lipande ndani ya sekunde 30, la sivyo zima. Kwa kuwa uko juu ya futi 3,000, punguza petroli kwenye mchanganyiko kabla ya kupima magneto, vifaa viwili vinavyozipa plagi cheche, vinginevyo utailaumu magneto kwa kosa la petroli nyingi. Kwenye 172S pima kwa mizunguko 1,800 kwa dakika, ukizima magneto moja moja: kushuka kwa mizunguko kusizidi 150, na tofauti kati ya magneto mbili isizidi 50. Kushuka kwa kutetema mara nyingi ni plagi chafu; kushuka kwingi lakini laini huelekeza kwenye taimingi, yaani wakati wa cheche. Kutoshuka kabisa ndiko kubaya zaidi, kwa sababu waya wa kuzimia magneto huenda umekatika, na rafadha inaweza kumpiga mtu atakayeigusa huku ufunguo umezimwa.

Zima, fungua boneti tena, tafuta uvujaji. Pima oili: filta mpya hunywa nusu kwati (kwati ni karibu lita moja) au zaidi ikijaa. 172S huchukua kwati 8, na chini ya 5 hairuki.

Ruka mchana, bila abiria. Nguvu kamili, tazama mizunguko, halafu mwendokasi. Kipimo cha mwendokasi kisipoamka, simama njia ingali ndefu mbele yako. Omba ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege ili ubaki karibu na uwanja kwa dakika 20 hadi 30, mahali unapoweza kurudi kwa kuelea injini ikizima. Kama silinda ni mpya, usiiache injini ikinguruma ardhini kwa muda mrefu, ruka kwa nguvu ya asilimia 65 hadi 75, na utumie oili ya madini kwa saa 50 za kwanza au hadi unywaji wake utulie.

Ukitua, fungua boneti mara ya tatu. Kasoro yoyote iandikwe kwenye kitabu siku hiyo hiyo, mafundi wangali na kumbukumbu ya walichokigusa. Iache ndege ilale hapo usiku mmoja, na asubuhi utazame sakafu chini ya injini kabla ya kuwapigia simu abiria wa Malindi.