SOMO: Kuandaa tangi jipya la oska, toka kioo hadi siku ya kumtia samaki

Wakuu, habari za jioni.

Naandika hapa mara moja ili nisiandike tena. Wiki hii watu wanne wameniuliza kwa nini samaki wao wamekufa siku ya tatu au ya nne, na wote wanne jibu lao ni moja. Kuanzia leo atakayeniuliza nitamtuma huku.

Oska ni yule samaki mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa na duara kama jicho kwenye shina la mkia. Kwao ni bonde la Amazon, ila ukoo wake ni huu huu wa perege, sato na furu. Mtazame pezi la mgongoni utamwona sato mle. Dukani anauzwa akiwa na ukubwa wa kiberiti, ndiyo maana watu wanadanganyika. Akila vizuri, mwaka haujaisha ana sentimita 25. Akikomaa anafika 30 hadi 35, na akitunzwa anapita miaka kumi. Hesabu umeleta mtoto nyumbani.

Hatua ya 1: Tangi. Oska mmoja anataka lita 250 hivi. Langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45, kimo 50, kioo cha milimita 10, na nimetengenezewa na fundi wa aluminiamu na vioo hapa hapa Tabata. Kitu kimoja tu cha kumsimamia fundi: silikoni. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu ni sumu kwa samaki. Mwambie atumie ya kawaida, ile inayonuka siki wakati inakauka, kisha iache wiki nzima kabla ya kutia maji. Mfuniko ni lazima, oska anaruka.

Hatua ya 2: Stendi. Maji, kioo na mchanga vinapita kilo 300. Meza ya televisheni haiwezi. Chomelesha stendi ya chuma, weka plaiwudi juu, halafu karatasi nene ya stairofomu, na pima kwa pimamaji pande zote. Ikilala upande mmoja, kioo kitapasuka usiku, na usiku huo huo utaamkia kazi ya kudeki.

Hatua ya 3: Mchanga. Osha mpaka maji yatoke safi. Mawe ya pwani, makombe na matumbawe achana nayo, yana chokaa inayofanya maji kuwa magumu. Ukiwa na shaka na jiwe, lidondoshee siki. Likitoa povu lirudishe ulikolitoa. Maua usihangaike nayo, oska atayang'oa yote.

Hatua ya 4: Filta. Oska anakula kwa fujo na kunya kwa fujo. Tafuta pampu ya lita 1,500 hadi 2,000 kwa saa. Filta za dukani za ukubwa huo ni ghali, kwa hiyo yangu ni ndoo yenye mfuniko: chini sponji, katikati madodoki ya plastiki ya kuogea, juu vipande vya mawe ya kusugulia miguu. Yale mawe yana vitundu vingi, bakteria wanayapenda kuliko vitu vya bei mbaya. Yaloweke kwanza siku kadhaa, mapya yanaelea. Waya wa pampu uache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kuchomekwa, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Hatua ya 5: Kukomaza maji. Hapa ndipo nilipochemka, na hapa ndipo nyote mnachemka.

Tangi langu la kwanza nililijaza Ijumaa jioni. Muuzaji alishaniambia maji yakilala siku moja yanatosha, nami nikamwamini kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia. Jumamosi nikaleta oska wawili. Jumapili walikula hadi nikaita majirani waje kuona. Jumanne wamesimama kwenye mdomo wa pampu, vinywa vimetoka juu ya maji, mashavu yanakwenda mbio na ndani yamewiva kama yaliyochomwa. Maji yenyewe meupe, unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Alhamisi nilizika wawili kwenye kopo la maua.

Kilichowaua hakionekani. Mkojo, mavi na chakula kilichobaki vinatoa amonia, na samaki anaitoa pia moja kwa moja kwenye mashavu yake. Mtoni kuna bakteria wa kuigeuza. Tangi jipya halina hao bakteria, au wapo wa kuhesabika. Kundi la kwanza linakula amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu, inaharibu damu isibebe hewa. Kundi la pili linakula nitriti na kutoa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia mpaka ukibadili maji. Makundi yote mawili yanaishi kwenye filta na mchanga, na yanaota taratibu. Kulaza maji siku moja kunatoa klorini tu. Hakuleti bakteria hata mmoja.

Fanya hivi. Jaza maji, toa klorini (yaache wazi siku moja au mbili huku pampu ya hewa inafanya kazi, au tumia dawa yake), washa filta na usiizime. Chukua kamba mmoja mbichi, mfunge kwenye soksi nyepesi, mtumbukize aoze mle. Ndiyo, atanuka. Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati, na upime kila baada ya siku mbili, uandike. Kwangu mara ya pili amonia ilipanda siku ya 6. Siku ya 15 ikaanza kushuka na nitriti ikapaa. Siku ya 33 vyote viwili vikasoma sifuri, nitrati ikawa juu. Nikatoa kamba, nikabadili zaidi ya nusu ya maji, nikamleta samaki.

Onyo la kwanza: amonia ikishuka usishangilie, nitriti ndiyo kwanza inapanda. Wengi wanaua samaki hapo katikati. Onyo la pili: "maji yanaonekana masafi" si kipimo. Onyo la tatu: ukipata sponji chafu kutoka filta ya mwenzako mwenye samaki wazima, iweke kwenye filta yako ikiwa bado mbichi, utaokoa wiki kadhaa. Ikikauka njiani umebeba takataka.

Hatua ya 6: Samaki. Mmoja. Acha mfuko uelee tangini dakika 20, changanya maji kidogo kidogo, mwachie, zima taa, usimlishe siku hiyo. Akilala ubavu siku ya kwanza usipige kelele, oska ananuna.

Hatua ya 7: Baada ya hapo. Badili theluthi ya maji kila wiki, maji mapya yasiwe na klorini. Sponji ya filta isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Mimi niliwahi kuiosha bombani ikang'aa, nikaua bakteria wa miezi minne na kuanza upya hatua ya 5 huku samaki yumo ndani. Kila siku nusu ya maji, wiki tatu. Mama watoto akaniuliza kama huyu samaki ananilipa mshahara.

Hita kwa Dar huhitaji, maji yana joto la kutosha yenyewe. Mlioko Arusha, Mbeya na Nairobi mnaihitaji.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

MASWALI

Bosi Mdogo: Mkuu somo zuri ila refu. Nimejaza tangi asubuhi, oska wawili ninao kwenye mfuko hapa. Niwatie saa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Bosi Mdogo: Nimeipitia juu juu. Hakuna dawa ya kuharakisha?

Mwandishi: Irudie polepole. Na duka likikubali kukushikia hao samaki, warudishe leo hii.

Mtoto wa Kimara: Bei gani tangi kama hilo? Unafanya delivari?

Mwandishi: Siuzi tangi, siuzi samaki.

Mzee wa Ndoano: Kijana, mimi nilifuga oska kwenye beseni la lita 40 na akaishi mwaka mzima. Mnawatisha watu bure.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Samaki wa miaka kumi akifa na mwaka mmoja mimi siiti kuishi. Alifika urefu gani?

Mzee wa Ndoano: Marahaba. Kiganja.

Mwandishi: Basi tumeelewana.

Dada wa Mbagala: Kaka, asante kwa somo. Nina jambo linanitatiza. Mimi natumia maji ya kisima, dada yangu ya bomba. Tulipima amonia siku moja, kipimo kimesoma sawa kabisa, lakini samaki wangu alikuwa hoi na wake anaogelea tu. Inakuwaje?

Mwandishi: Dada, hili ndilo swali nililolisubiri mwaka mzima. Kipimo kinasoma amonia yote kwa jumla, lakini majini iko kwa sura mbili: moja kali, nyingine pole ambayo samaki anaistahimili zaidi. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH (kipimo cha asidi majini, ikipanda asidi imepungua) na joto. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile kali inaongezeka karibu mara kumi, na joto nalo linaiongeza. Maji ya kisima mara nyingi ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, na pH inaweza kuwa juu. Kwa hiyo wewe na dada yako mna namba moja, sumu tofauti. Pima pH zote mbili utaona. Kwako hatua ya 5 haina mjadala, usimtie samaki mpaka amonia iwe sifuri kweli. Usianze kumwaga asidi kushusha pH, maji magumu yataipandisha tena na samaki atayumba kati. Na onja hayo maji: yakiwa na ladha ya chumvi kabisa, changanya na ya bomba au ya mvua.

Dada wa Mbagala: Nimepima. Kwangu 8.2, kwake 7.1! Sasa lita 80 kila wiki nazimwaga wapi jamani?

Mwandishi: Kwenye mchicha. Nitrati ndiyo mbolea yenyewe. Ila kama kisima kina chumvi, angalia ardhi isije ikaharibika.

Mzee wa Ndoano: Binti, ongeza na majani makavu ya mti wa mkungu, yale yanayodondoka yenyewe. Mawili matatu, yaoshe, yatumbukize. Maji yanakuwa rangi ya chai na samaki anatulia. Sisi zamani tulifanya hivyo.

Mwandishi: Mzee hapo nakuvulia kofia. Hata huko kwao maji mengi yana rangi ya chai. Ila maji magumu ya kisima hayatashuka pH kwa majani hayo, wasiyategemee kwa hilo.

Mtoto wa Kimara: Nina tangi la lita 60. Oska wawili, goldfish watatu na kambale mmoja wataenea?

Mwandishi: Mwanzoni wataenea. Mwishoni atabaki mmoja.

Ujiji Nyumbani: Mkuu, sisi huku tuna ziwa mlangoni. Kwa nini nihangaike na samaki wa Amazon? Hatua zako zinafaa kwa frontosa, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika?

Mwandishi: Umenifurahisha. Zinafaa zote isipokuwa ya 3, hiyo igeuze. Maji ya Tanganyika ni magumu, pH yake karibu 9, kwa hiyo mawe ya chokaa na makombe ambayo kwa oska nimeyakataza, kwa frontosa ni rafiki. Tafuta tangi refu zaidi, yeye anapenda kukaa kikundi, dume mmoja na majike kadhaa, na majabali yenye mapango. Anakua polepole sana, usimlazimishe kwa chakula. Na wa kwenu Kigoma ana sifa yake: mistari saba, wakati wa sehemu nyingine za ziwa wana sita. Usimchanganye na oska hata siku moja, maji yao hayapatani. Kuhe je, nao mnao sokoni?

Ujiji Nyumbani: Kuhe tunamla tu mkuu. Nani atamfuga samaki wa karibu mita?

Mwandishi: Sahihi. Huyo ndiye mkubwa wa ukoo huu Afrika nzima, mwacheni ziwani na kwenye sufuria.

Dada wa Mbagala: Na umeme ukikatika usiku?

Mwandishi: Maji ya joto yanabeba hewa kidogo, kwa hiyo huku pwani tunaumia haraka. Weka pampu ndogo ya hewa ya kuchaji. Huna? Chota maji kwa jagi, yamwage toka juu, rudia. Usilishe. Filta ya ndoo iliyofungwa ikikaa saa nyingi bila maji kutembea inaoza ndani, isuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha, la sivyo itakutemea uchafu wote.

Ujiji Nyumbani: Chakula? Dagaa wakavu wanafaa?

Mwandishi: Wasio na chumvi, tena mara moja moja. Chakula chake cha kila siku kiwe cha punje. Hata kile cha vifaranga vya sato kinachoelea anakila. Kamba na ganda lake ni kizuri. Nyama ya ng'ombe hapana, yale mafuta hayamsagiki vizuri. Na jamani, mkimchoka msimtupe mtoni. Sangara alipoingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 mnajua furu walichokipata: aliwala hadi aina nyingi zikatoweka.

Bosi Mdogo: Mkuu, samahani. Niliwatia siku ile ile. Leo siku ya nne wamesimama juu wanahema, mmoja ameanza kupinda. Nifanyeje?

Mwandishi: Una maji yaliyotolewa klorini?

Bosi Mdogo: Ndoo mbili, za jana.

Mwandishi: Toa ndoo mbili tangini, tia hizo, polepole. Chakula acha kabisa. Pampu ya hewa iwake usiku wote. Jaza ndoo nyingine sasa hivi, ziache wazi, kesho asubuhi rudia. Upo Dar sehemu gani?

Bosi Mdogo: Segerea.

Mwandishi: Njoo na ndoo yenye maji ya tangi lako. Nakukatia nusu ya sponji yangu.