Jinsi ya kubishana kuhusu viongozi wa Magharibi na Urusi bila kuzunguka palepale

Kabla hujaanza uliza kwanza tunamjadili nani na mwaka gani, maana watu wanawatia Clinton, Bush, Obama na Merkel, chansela wa zamani wa Ujerumani, gunia moja wanasema "walimlea Putin", wakati Clinton alikuwa anadili na Urusi ya Yeltsin iliyokuwa hoi na Merkel wa 2015 alikuwa anadili na mtu keshaichukua Crimea, rasi ya Ukraine.

Ukishapata mwaka, uliza siku ile walijua nini na njia nyingine ilikuwa ipi. Chukua mkutano wa NATO wa Bucharest, Aprili 2008: Bush anataka Ukraine na Georgia wapewe mpango wa kuandaliwa kuingia NATO, Merkel na Sarkozy wa Ufaransa wanagoma, mwisho linatoka tamko kwamba watakuja kuwa wanachama ila tarehe hakuna. Agosti jeshi la Urusi likaingia Georgia. Sasa mmoja atakwambia wangepewa ule mpango wasingeguswa, mwenzie atasema ahadi yenyewe ndo ilimchokoza Putin, na wote wanatumia tukio hilohilo kama ushahidi! Wabane wote. Yule wa kwanza mkumbushe kuwa wakati ule Waukraine wengi wenyewe hawakuitaka NATO, yule wa pili muulize mbona Merkel alipoukataa mpango ule wanaofikiri kama yeye hawakumpigia makofi.

Ile sera ya Obama ya kuanza upya na Urusi mwaka 2009 watu wanaicheka sana, lakini ilizaa mkataba wa 2010 wa kila upande kubaki na vichwa vya nyuklia visivyozidi 1,550 vilivyo tayari kurushwa, so usikubali mtu aseme haikuleta kitu.

Pa kukaza ni Nord Stream 2, bomba la pili la gesi kutoka Urusi hadi Ujerumani. Bomba la kwanza lilianza kupitisha gesi 2011, hilo mtu anaweza kulitetea, ila la pili kampuni zilisaini 2015, yaani Crimea imeshachukuliwa, ndege ya abiria ya MH17 imeshatunguliwa juu ya Ukraine, Poland na nchi za Baltic zinapiga kelele kila siku, na Berlin bado inasema ni biashara tu. Kufikia 2021 zaidi ya nusu ya gesi Ujerumani iliyoagiza nje ilitoka Urusi. Hapo utetezi wa "hawakujua" haupo kabisa. Scholz, chansela aliyemfuata Merkel, alilisimamisha 22 Februari 2022, siku mbili kabla ya uvamizi, na rais wa Ujerumani Steinmeier baadae akakiri kuling'ang'ania lilikuwa kosa. Mi Merkel namtetea kwenye Minsk, yale makubaliano ya kusimamisha vita mashariki mwa Ukraine, maana Februari 2015 jeshi la Ukraine lilikuwa linabanwa vibaya kwenye mji wa Debaltseve na muda ulihitajika, ila kwenye bomba hapana.

Na usichanganye maswali mawili, nani alikosea sera na nani alivamia, mtu akianza kurukaruka kati ya hayo mrudishe.

Mwisho, mtu akikuletea ile ya Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, kumuahidi Gorbachev wa Sovieti 1990 kwamba NATO haitasogea mashariki, usikatae kwamba maneno yalisemwa, yalisemwa kweli kwenye mazungumzo ya kuiunganisha Ujerumani, muulize tu yako kwenye mkataba gani, halafu mwekee mezani hati ya Budapest ya Desemba 1994 ambayo Urusi yenyewe ilisaini kuheshimu mipaka ya Ukraine, uone atajibu nini.