Karafuu za kipupwe: sikiliza utabiri kabla ya kuita wachumaji

Karafuu iliyochumwa vizuri inaweza kuharibika baina ya Jumamosi jioni na Jumatatu asubuhi. Mwisho wa wiki ndio wakati wa mikono mingi: watoto hawaendi skuli, jamaa wanakuja shamba kutoka miji yetu ya Pemba, Wete na Chake, na wachumaji wanapatikana. Basi kila mtu anachuma kwa nguvu siku mbili. Mvua ya kusi ikishuka usiku, karafuu mbichi zimejaa ndani na pa kuzitandaza hapana.

Kwa hiyo kazi ya Jumamosi ianze Alhamisi usiku, kwa kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni au kwenye televisheni. Nchi yetu ni kubwa na utabiri husomwa kwa kanda. Kipupwe cha Juni hadi Agosti si kimoja Tanzania nzima: Makete na Njombe asubuhi joto hushuka chini ya nyuzi 10 na mazao huunguzwa na sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, wakati Dodoma ni kukavu na jua linawaka. Hayo si yako. Subiri wasome Pwani ya Kaskazini, inayotajwa pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Huku kwetu baridi si tatizo. Tatizo ni mawingu, manyunyu na upepo wa kusi.

Ukisikia “mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua”, usidhani umepewa ruhusa ya kuchuma shamba zima. Maana yake ni kwamba Mkoani panaweza kurowa na Konde pakabaki pakavu, na hakuna wa kukuhakikishia shehia yako iko upande gani. Siku kama hiyo chuma kwa kiasi cha majamvi uliyonayo. Ukisikia mvua imetajwa kwa maeneo mengi, ahirisha, isipokuwa kwa mikarafuu ambayo karafuu zake zimeshaiva na zinakaribia kufunguka, kwa sababu karafuu iliyochanua thamani yake imeondoka.

Kuna tangazo jingine ambalo wakulima wengi huwaachia wavuvi: angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Upepo huo huo ndio unaotikisa mikarafuu. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika, na gome lililorowa linateleza. Mchumaji anayelipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha alichochuma, huwa na haraka, hujinyoosha mpaka ncha ya tawi badala ya kulivuta kwa kingoe, ile fimbo yenye ndoana. Mwenye shamba ndiye wa kumwambia ashuke. Siku ya angalizo watu wachume matawi ya chini tu, na watoto wabaki chini wakichambua. Hilo nalisema bila kupunguza neno.

Sasa kuanika, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Chambua jioni ile ile, makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) mbali na karafuu mbali. Usizilaze karafuu mbichi kwenye polo, yaani gunia, wala kuzirundika pembeni mpaka asubuhi. Rundo hupata joto kwa ndani. Tia mkono katikati utalihisi. Karafuu iliyopata joto hilo huvunda, hukunjamana na kupauka, na hata ukiianika jua la wiki nzima rangi yake hairudi. Kama usiku unanyesha, zitandaze ndani ya nyumba juu ya jamvi, tabaka jembamba, madirisha wazi, uzigeuze kabla ya kulala na tena alfajiri. Usiwashe moto chini yake: harufu ya moshi haitoki.

Asubuhi usikimbilie kuanika kabla ardhi haijakauka umande. Tumia jamvi au sakafu safi ya saruji, si lami ya barabarani, ambako karafuu huchanganyika na mchanga na mafuta ya magari. Mtu mmoja abaki nyumbani siku nzima kwa kazi ya kugeuza na kuanua. Katika kipupwe wingu hutoka baharini upande wa kusi na kufika haraka. Mkiwa nyote shambani, mvua itawatangulia. Kwa jua zuri karafuu hukauka kwa siku 3 hadi 5. Kukiwa na mawingu, wiki hupita, na jamvi la Jumamosi hii bado litakuwa na kazi Jumamosi ijayo. Hesabu hilo kabla ya kuita watu.

 

Karafuu iliyokauka huvunjika kwa mlio ukiikunja, shina lake ni la hudhurungi iliyoiva na kichwa kimepauka kidogo. Kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu, kwa hiyo uzito ukizidi sana hapo, bado kuna maji ndani. Ziache zipoe kivulini kabla ya kuzitia kwenye gunia safi na kavu, weka gunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na upeleke kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, siku isiyo na mvua, ukiwa na turubai la kufunikia njiani.