Kuchagua injini na giaboksi ya kutia kwenye Bedford ya jeshi

Bedford RL, lori la jeshi la Uingereza la tangu 1953, ilitoka kiwandani na injini ya petroli ya silinda 6, lita 4.9, ikivuta kwa magurudumu yote 4. Chesisi na ekseli zake bado zina maisha. Kinachomshinda mwenye gari ni petroli inayokwenda kama maji, na spea za injini ambazo Darajani, Unguja, hazipo na Dar es Salaam ni za kubahatisha. Ndiyo maana watu hutia dizeli ya Kijapani. Kosa la kawaida ni kununua injini kwanza kwa vile imepatikana rahisi, halafu ndipo uulize itakaaje. Anza nyuma, kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma), uje mbele.

Hatua ya 1: hesabu difu

Weka gari pahala tambarare. Zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, toa fowili (mvuto wa magurudumu ya mbele), gia iwe niutro, legeza hendibreki. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na utie stendi chini ya ekseli. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyengine kwenye propela, yaani shafti ndefu inayoingia kwenye difu. Mmoja azungushe gurudumu raundi 2 kamili, mwengine alale chini ahesabu propela inazunguka mara ngapi. Raundi 2, si 1: gurudumu la upili limekaa chini halizunguki, basi mwendo wote difu huupeleka kwa lile lililo juu, likazunguka maradufu. Propela ikienda mara 6, difu ni 6 kwa 1. Ikipita kidogo, pima hicho kidogo. 6 na robo si 6.

Sasa shusha gari, isukume mpaka tairi izunguke mara moja, upime kwa futi kamba umbali iliokwenda. Tairi ya 11.00-20 hutoa karibu mita 3.3.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilomita 70 kwa saa ni mita 1,167 kwa dakika. Gawa kwa 3.3, gurudumu linazunguka mara 353 hivi. Zidisha kwa 6, unapata kama 2,120. Hayo ndiyo mizunguko ya injini kwa dakika katika gia ya moja kwa moja (1 kwa 1), transfa, yaani giaboksi ndogo inayogawa mvuto mbele na nyuma, ikiwa juu. Kila injini unayoonyeshwa ipitishe hapa kabla hujauliza bei. Nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye kibao ziache baadaye.

Hatua ya 2: chagua injini

Iliyo bora kwa visiwani ni 4D33 ya Canter, lita 4.2. Mizunguko 2,100 kwake ni raha, na Canter zimejaa, kwa hivyo gasketi, ringi na nozeli hutavuka bahari kuzitafuta. 1HZ ya Land Cruiser nayo ni lita 4.2, silinda 6, laini sana, lakini nguvu zake huzipata juu, na kwa lori la mizigo utakuwa unaikanyaga kila wakati. Ukishawishiwa 6D16 ya Fuso, lita 7.5, kataa. Ni nzito, springi za mbele zitalala, na ukiitia gia ya kwanza na transfa chini kwenye mchanga, shafti za ekseli ndizo zitakazolipa.

Hatua ya 3: nunua injini na giaboksi pamoja

Chukua seti nzima: flaiwili, klachi, belihauzi (ganda linalofunika klachi), selfu, uma wa klachi na silinda zake mbili, ya juu na ya chini. Gia ya kwanza ya Canter ni zaidi ya 5 kwa 1, inayotosha kuondokea na mzigo, na giaboksi yenye gia ya tano ya kama 0.72 hushusha ile 2,120 hadi 1,530. Ukiwa na mzigo kwenye vilima vya Pemba gia hiyo haitavuta, utarudi ya nne.

Kubakisha giaboksi ya zamani kwa kukereza sahani ya kuunganishia kunawezekana, ila katikati ya belihauzi na katikati ya krenki visipishane: ukizungusha geji ya saa isicheze zaidi ya milimita 0.13. Ikizidi, klachi hutetema na beringi ya mbele ya giaboksi hufa mapema.

Transfa ya RL imekaa peke yake nyuma ya giaboksi, ikiunganishwa kwa propela fupi. Iache hapo hapo. Giaboksi ya Land Cruiser mara nyingi huja na transfa yake nyuma, nayo hapa ni urefu wa bure.

Hatua ya 4: ning'iniza injini kabla ya kuchoma maunti

Injini ya RL iko juu ya ekseli ya mbele, basi adui ni sampu (bakuli la oili chini ya injini). Inua ekseli kwa jeki mpaka iguse mpira wa kuzuia, uhakikishe kati yake na sampu imebaki angalau sentimita 5. Propela fupi iwe na nyuzi zisizozidi 3 kila jointi, ncha mbili zikilingana, na uma zake zitazamane. Vyenginevyo gari itatetema na jointi hazitadumu. Welda agusie maunti (vishikio vya injini) kwanza. Achome kabisa ukisharidhika.

Hatua ya 5: vinavyosahauliwa

Breki zinazosaidiwa na vakyum ya injini ya petroli hazitapata kitu kwenye dizeli. Tia alteneta yenye pampu ya vakyum nyuma yake, pamoja na mpira wa oili wa kuingia na wa kurudi sampu. Soma volti kwenye selfu: nyingi ni 24, na gari yako ikiwa ni 12, balbu zote zitaungua siku moja. Tangi lioshwe mpaka harufu ya petroli iishe, kwani petroli hukausha pampu ya dizeli ikajikwangua, na lipate mpira wa riteni, wa kurudishia dizeli. Feni ibaki milimita 25 kutoka kwenye rejeta.

Namba mpya ya injini iingizwe kwenye kadi ya gari kabla ya kuingia barabarani. Baada ya kilomita 500, kaza upya boliti za maunti na za propela.